Pua Si Kipimo

Jamani, nani kati yenu anapenda harufu ya petroli? Msijifiche, najua mpo wengi. Mtoto wa mama yangu mdogo anajaza watu mafuta kwenye sheli hapa Dar, mwaka wa nne sasa, na nyumba za watu zimeizunguka pande tatu. Nilimuuliza kama harufu haimsumbui. Akacheka: "Kaka, mbona mimi siisikii tena?"

Jibu lile limenikaa kichwani. Ndani ya mvuke wa petroli mna benzini, na benzini huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake cha kuitwa salama. Sasa sikieni: pua huanza kuinusa ikifika kama mikrogramu 5,000 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ulaya, wastani wa mwaka haurusiwi kuzidi 5. Elfu kwa moja!

Na hilo neno "mwaka" msilipite hivi hivi. Mtu kuja na mtambo siku moja, akapima, akapiga picha na mwenyekiti wa mtaa akaondoka, hakutuambii kitu. Upepo, mvua, jua la mchana, foleni ya Ijumaa jioni, vyote vinachezea namba. Mwili nao unavuta hewa hiyo miaka na miaka.

London, kwenye Marylebone Road, tangu miaka ya 1990 kuna kibanda kando ya barabara kinachopima kemikali za aina hii saa baada ya saa. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, ulishusha benzini kwenye petroli kutoka asilimia 5 hadi 1. Magari mapya nayo yalikuwa yanakuja na vichujio vya moshi. Benzini hewani ikashuka sana, na ushahidi upo, kabla na baada.

Sisi huku kusini mwa Sahara tuliachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Safi kabisa. Ila risasi ilikuwa na kazi yake kwenye injini, na njia mojawapo ya kuziba pengo ni kuongeza kemikali za ukoo wa benzini. Nani alikuwa anapima mtaani kwenu mwaka 2004, akarudi tena 2006?

Wala msiniambie habari ya gharama. Tangu 2018 viwanda vya kusafisha mafuta Marekani vinatakiwa kutundika vijineli vidogo kuzunguka uzio, visivyohitaji umeme, na kuvibadilisha kila wiki mbili, mwaka mzima. Tofauti kati ya sehemu chafu na safi ya uzio ikizidi mikrogramu 9 kwa wastani wa mwaka, mwenye kiwanda lazima atafute panapovuja. Na namba zinawekwa hadharani, jirani yeyote azisome.

Haya, semeni: kutoka dirisha la chumba chako hadi pampu ya sheli ni hatua ngapi?