Usizibe Pumzi ya Boila

Ikiwa unaishi Pwani huenda hujawahi kuhitaji boila la kuni. Sisi wa Njombe, Makete na Mbeya tunalijua vizuri. Ni pipa la chuma la lita 200 lililolazwa juu ya tanuri la matofali, nje, nyuma ya nyumba. Kuni huwaka chini yake, moshi hutokea kwenye dohani, na maji ya moto hufika bafuni kwa bomba. Mwezi wa Julai, baridi inapouma mpaka kwenye mifupa, mama aliyejifungua jana humshukuru Mungu kwa ndoo moja ya maji hayo.

Mimi ni muuguzi. Siku zangu za mapumziko najitolea katika hosteli ya kanisa, wanakokaa akina mama wa vijiji vya mbali kabla na baada ya kujifungua. Hakuna aliyenipangia kazi ya boila. Lakini vidonda vya moto nimevifunga vingi wodini, hata siwezi kupita karibu na tanuri bila kulikagua.

"Liwekee kifuniko"

Mnamo Julai 2023 boila letu lilianza kutema maji. Juu ya pipa kuna bomba jembamba lililosimama, mdomo wake wazi, nao uko juu kuliko tangi la maji baridi. Sisi huliita bomba la pumzi. Kila asubuhi lilirusha maji ya moto na mvuke, ua ukawa matope. Wakati huohuo akina mama walilalamika kwamba maji ya bafuni ni ya uvuguvugu tu. Mzee anayewasha moto, kwa kutaka kuwaridhisha, akaongeza kuni. Bomba likazidi kutema.

Mama mtunza hazina, mwenye uchungu sana na mali ya kanisa, akamwita fundi. "Liwekee kifuniko," alimwambia. "Maji tunalipia, na kuni tunanunua."

Fundi alikwisha kutoa kifuniko mfukoni. Nikasema, "Mama, nakuomba utuvumilie hadi kesho. Hiyo ndiyo pua ya boila. Tukiiziba, litapumulia wapi?"

"Mwanangu," akanijibu, "wewe tibu watu. Vyuma tuwaachie mafundi."

Maneno hayo yaliniuma kidogo, ila nilijua ninachokihofia. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,500. Pumzi ikizibwa, mvuke hubakiwa na njia moja tu, kurudi kwa bomba la maji baridi. Nalo bomba hilo lilikuwa na koki iliyofungwa kila tangi lilipooshwa. Siku koki ikisahauliwa, pipa lingeweza kupasuka. Na kando ya ukuta wa tanuri lile kuna benchi ambapo wazazi huketi asubuhi na vichanga vyao, wakiota joto.

Nilimweleza hayo taratibu. Akalitazama lile benchi, akakitazama kifuniko, akasema, "Basi, hadi kesho."

Tukalipima kama mgonjwa

Wodini, mgonjwa akiwa na homa hatuishii kuishusha homa, tunatafuta inakotoka. Kutema maji kulikuwa dalili tu. Kama pipa linachemka na bafuni maji ni vuguvugu, basi moto hauna kosa. Joto linapotea njiani.

Asubuhi iliyofuata fundi na mimi tulilifuata bomba la maji ya moto hatua kwa hatua. Karibu na pipa halikushikika. Mbele kidogo magunia yaliyolivika yalikuwa yameoza na kuanguka, chuma kikabaki kitupu katika upepo. Mbele zaidi nguzo moja ilikuwa imelala, bomba likainama kisha likapanda kama nundu ya ng'ombe. Hewa ilinasa katika nundu ile na maji yakawa yanapita kwa shida.

Fundi alisimamisha nguzo, akanyoosha bomba na kutoa hewa. Tukalivika magunia mapya, na nailoni juu yake ili yasilowe. Siku ya pili mzee aliwasha moto mdogo kuliko wa siku zote, maji yakafika bafuni yakiwa ya moto, na bomba la pumzi likanyamaza lenyewe. Mama mtunza hazina alikichukua kile kifuniko akakirudisha dukani.

Dalili nyingine za kuangalia

Tangu hapo amekuwa akiniuliza mengi, nami nakushirikisha wewe pia.

Moshi mzito husema kuni ni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na moto hupoteza nguvu kuyakausha. Pasua kuni, zipange juu ya magogo zisiguse udongo, paa juu na pembeni wazi, kwa miezi sita au zaidi. Gonga vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi kwa sauti nzito.

Moshi ukirudi mlangoni, tazama kwanza majivu. Yakijaa chini ya vyuma, moto hukosa hewa. Kisha tazama dohani. Kuni mbichi huacha humo utando mweusi kama lami, ambao unaweza kushika moto. Isafishwe tanuri likiwa limepoa kabisa.

Moto ukiwaka vizuri na maji yakachelewa kupata joto, kwangua masizi chini ya pipa. Maji yakianza kutoka mekundu, ni kutu. Mwite fundi kabla pipa halijatoboka.

Usiwashe moto kabla hujahakikisha pipa limejaa na koki ya maji baridi iko wazi. Ukigundua linaungua tupu, usilimwagie maji baridi. Toa kuni, waondoe watu, acha lipoe.

Majivu yaweke katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, mbali na nyumba, maana makaa huweza kubaki hai ndani yake kwa siku kadhaa. Na tafadhali, mama, makaa hayo usiyaingize chumbani ili kupasha watoto joto. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Bafuni, tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ya moto baadaye. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza vibaya kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Akiungua, mvue nguo zisizogandamana na ngozi, pooza kidonda kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Wodini tunalazimika kuviondoa vitu hivyo, na mtoto huumia mara ya pili.

Wengi wetu tumezoea kusema boila ni kazi ya baba au ya mzee wa kuni. Lakini anayeoga, anayeogesha na anayeota joto pale benchini ni mama na mtoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Katika boila, tofautisha ufa na pumzi. Ufa uzibe mapema. Pumzi iache wazi, na fundi akija na kifuniko mkononi, mwombe akusubiri hadi kesho.