Tafuta Rimoti, Usitafute Mwizi

Ndugu akina mama, zipo shida za nyumbani zilizo ndogo mno hata tunaona haya kuzitaja mbele ya wenzetu, lakini zina nguvu ya kuharibu jioni nzima. Mojawapo ni kupotea kwa rimoti ya televisheni. Chakula kimeiva, watoto wameoga, baba ameketi kungoja taarifa ya habari, mara linaulizwa swali: "Nani amechukua rimoti?"

Hebu tulitazame vizuri swali hilo. Halikuuliza rimoti iko wapi. Limeuliza nani. Hapo ndipo matatizo huanzia, na hilo ndilo tunalotaka kuzungumza nanyi.

Mgeni wa juzi tu

Kwa kweli kifaa hiki ni kigeni katika nyumba zetu. Zanzibar walipata televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Hapa Bariadi wengi wetu tulikua na redio tu. Na katika nyumba za mwanzo zilizokuwa na televisheni, mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa rimoti. "Inuka, mama, ongeza sauti." Rimoti ya namna hiyo haikupotea, maana ilikuwa na njaa na ilirudi yenyewe wakati wa chakula.

Wenzetu wa Marekani walianza mapema. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ilitoa rimoti iliyounganishwa na televisheni kwa waya mrefu, na watu wakawa wanajikwaa sebuleni. Mwaka 1955 fundi wao Eugene Polley akabuni ya kumulika kama tochi, lakini jua likiingia dirishani nalo liliweza kubadilisha stesheni. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta iliyotumia mlio ambao sikio la mtu haliusikii.

Rimoti nyingi za leo hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo ni dhaifu, haupenyi mto wa kochi wala blanketi. Tena rimoti nyingi haziwezi kuitwa zikaitika kama simu. Ikipotea imepotea kimya, na dawa yake ni macho na mikono.

Kisha shida ikazidi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam, na baadaye mikoa mingine. Ni mwaka huohuo mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa. Basi tukapata mkoa mpya na ving'amuzi pamoja, na nyumba iliyokuwa na rimoti moja ikawa na mbili za kutafuta.

Tutafute vipi?

Kwanza, tuzime televisheni. Mtu hatafuti vizuri huku macho yake yako kwenye picha. Kisha tuulize wakati, tusiulize mtu: "Mara ya mwisho tulibadilisha stesheni saa ngapi? Tulikuwa tunatazama nini?" Swali la wakati humfanya kila mtu akumbuke. Swali la "nani" humfanya kila mtu ajitetee, na anayejitetea hakumbuki chochote.

Pili, tuanze pale ilipotumika mara ya mwisho, twende nje polepole. Mara nyingi rimoti haitoki sebuleni. Tuondoe vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa kwenye makochi, tuingize mkono kwenye mfereji kati ya mto na mgongo wa kochi, tuinue kochi lenyewe na kumulika chini kwa tochi. Tutazame nyuma ya meza ya televisheni, ndani ya blanketi alilojifunika mtoto, kwenye mikoba ya shule na katika kapu la nguo chafu.

Tatu, tufuate miguu ya watu. Aliyekuwa akitazama aliinuka akaenda wapi? Jikoni kuonja mboga? Mlangoni kupokea mgeni? Uani kuanua nguo kwa kuwa mvua inakuja? Mkono uliobeba rimoti huiweka pale ulipopokea kitu kingine.

Isipoonekana, maisha hayasimami. Televisheni nyingi zina vitufe vyake pembeni au chini. Baadhi ya simu zina uwezo wa kufanya kazi ya rimoti. Na madukani zinauzwa rimoti zinazokubali televisheni za aina nyingi. Kwa kawaida bei yake haifikii ya jogoo mmoja wa kienyeji. Tukumbuke bei hiyo kabla hatujapandisha sauti.

Begi lililofungwa kwa kamba

Nyumbani kwetu ilipotea Jumapili, tarehe 21 Januari 2024. Wapenda mpira wataikumbuka siku hiyo. Taifa Stars walicheza na Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ivory Coast. King'amuzi chetu hakina vitufe vya kubadilishia stesheni, nacho kilikuwa kimebaki kwenye katuni za watoto. Baba wa nyumba na wavulana walisubiri kidogo, kisha wakaenda kutazama kwa jirani.

Tulibaki akina mama: sisi, wifi yetu aliyekuja kutusalimu, binti anayetusaidia kazi, na Bibi, mzaa baba wa watoto wetu, ambaye tunaishi naye tangu mwaka 2022 alipotoka kijijini Itilima. Tulipindua makochi yote. Bao la Msuva tulilijua kwa kelele za mtaa. La kusawazisha la Zambia, zikiwa zimebaki dakika chache, tulilijua kwa ukimya wake.

Ndipo wifi yetu akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Begi la huyu binti mmelitazama?"

Binti huyo alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Hakujibu neno. Alikwenda chumbani akarudi na begi lake, zipu imekatika, amelifunga kwa kamba ya katani, akaliweka chini katikati ya sebule na kuanza kulifungua kamba.

Akina mama, hapo pana njia panda. Kutazama ndani ya begi lile kungechukua dakika moja. Kama rimoti haimo, ungeweza kusema, "Basi, yaishe." Lakini kwa binti yasingeisha. Angelala na kupika na kumwogesha mtoto wetu akijua kwamba katika nyumba hii kitu kikipotea yeye ndiye wa kwanza. Tulimwambia, "Mwanetu, funga begi lako urudishe chumbani. Tunatafuta rimoti, hatutafuti mwizi." Wifi yetu hakufurahi, na chakula cha usiku ule tulikula kimya.

Katika Injili ya Luka sura ya 15 tunasoma habari za mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepotelewa na moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii hata akaiona. Hatusomi kwamba alimshuku mtumishi wala jirani. Na majirani anawaita mwishoni, waje kufurahi pamoja naye.

Ndani ya chungu

Jumatano yake tulitaka kupika michembe. Chungu cha michembe na matobolwa hukaa pembeni mwa chumba cha Bibi, maana yeye ndiye mjuzi wa kuhifadhi. Tulipoingiza mkono tulikuta kitu kimefungwa vizuri kwa kipande cha kitenge. Ndani yake mlikuwa na rimoti, kijiko, ufunguo wa kabati uliopotea tangu Novemba, na sabuni ya kipande isiyotumika bado.

"Mayu," tukamwuliza, "hivi vimefikaje humu?"

Bibi alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimewawekea akiba. Mnaacha vitu ovyo, na njaa ikija mtalia."

Watoto walicheka. Sisi hatukuweza kucheka. Tuliona kwamba mama huyu, aliyelisha watoto wake kwa akili ya kuhifadhi, bado alikuwa anahifadhi, ila hakujua tena ni nini cha kuhifadhi. Mambo mengine yakaanza kupangika vichwani mwetu: jinsi alivyouliza jambo moja mara tatu asubuhi moja, na jinsi alivyopotea njia ya kutoka kanisani, njia aliyoizoea.

Kusahau kidogo ni sehemu ya uzee. Mzee akisahau alipoweka miwani, kisha akarudi nyuma kwa mawazo na kuikumbuka, hilo ni la kawaida. Lakini akiweka vitu mahali pasipohusiana navyo kabisa, asiweze kukumbuka alivyofanya, akipotea njia anazozijua au kurudia swali lilelile, anahitaji kuonwa na daktari. Huenda ni ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu polepole. Huenda pia ni jambo linalotibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, huzuni kubwa, au dawa anazotumia. Sisi tulimpeleka hospitalini, akapimwa na kuulizwa maswali, na hadi leo anaendelea kuangaliwa. Hatujaambiwa kwamba atarudi kama zamani. Tumeelezwa namna ya kuishi naye: tusimbishie, tusimcheke, siku zake ziwe na utaratibu mmoja, na asitoke peke yake.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sisi wa huku hatuwezi kulinyamazia. Neno "bibi yule anaficha vitu" si neno dogo Usukumani. Katika kanda hii bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia miaka yote. Kichekesho cha watoto kinaweza kufika kisimani, na kutoka kisimani kikageuka kitu kingine. Kwa hiyo jioni ileile tuliwaketisha watoto wetu wote. Tuliwaambia Bibi ni mgonjwa wa kusahau, kama vile mtu anavyougua malaria au miguu. Majirani nao tuliwaeleza waziwazi, kwa jina la ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uliotajwa hadharani huwapunguzia watu nafasi ya kubuni.

Wifi yetu tulimpigia simu tukamweleza rimoti ilipopatikana. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuzungumza na binti. Hatukusikia alichomwambia. Tulimsikia binti akisema, "Asante, shangazi," na akarudi kwenye vyombo vyake. Usiku ule aliimba akiosha sufuria. Hatukuwahi kumsikia akiimba.

Ipewe makao yake

Rimoti isiyo na makao itapotea tena. Chukueni kitambaa imara, mshone mfuko wenye vyumba viwili, muuning'inize kwenye mkono wa kochi. Watoto wafundishwe kwamba anayezima televisheni ndiye anayeilaza rimoti. Wenye rimoti mbili wazifunge utepe wa rangi mbalimbali ili hata asiyesoma azitofautishe.

Betri nazo zitazamwe. Zikikaa muda mrefu huvuja na kuila rimoti kwa ndani. Na rimoti nyingine ndogo hutumia betri bapa ya duara kama kifungo cha shati. Hiyo ni ya hatari sana kwa mtoto mdogo. Akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kifuniko chake kifungwe kwa gundi ya karatasi, na mtoto akishukiwa kumeza apelekwe hospitali mara moja, bila kumtapisha.

Kwa Bibi tulifanya hivi. Tulikuwa na rimoti ya televisheni yetu ya zamani iliyokwisha kufa. Tuliitoa betri, tukaifuta vizuri, tukampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitenge na kuipeleka chunguni. Kila asubuhi huenda kuitazama kama ipo. Ile inayofanya kazi hukaa kwenye mfuko wake sebuleni, na tangu hapo hajaigusa.

Basi, ndugu zetu, siku rimoti itakapopotea kwenu, na itapotea, msianze na "nani". Washeni taa, inueni makochi, mtazame na vyunguni. Huenda mkaipata pamoja na habari za mtu wa nyumbani mwenu ambaye kwa siku nyingi amekuwa akihitaji kutazamwa.