Bahari Niliyoikuta Juhu

Sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kuliona jua likichomoza baharini. Mumbai, ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo, mambo ni kinyume: jua huzama majini, na watu wa mji humiminika ufukweni kuliaga. Nami nililiaga pamoja nao jioni moja, katika ufuko wa Juhu.

Nilikuwa mjini humo kwa kumuuguza mama. Alikuwa amelazwa, akisubiri kupasuliwa baada ya siku mbili, na saa za kuwatazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Chumba nilichopanga kilinisonga roho. Nikapanda bajaji, chombo ambacho hata jina lake tumelipata huko huko India, nikaenda kuvuta pumzi.

Juhu si mahali pa kutafuta upweke. Watoto walicheza kriketi katikati ya wapita njia. Familia nzima zilikuwa zimetandika shuka mchangani. Wanawake walisimama mawimbini, sari zimelowa hadi magotini, wakicheka. Kila mara ndege iliruka juu ya vichwa vyetu kutoka uwanja ulio jirani, ikaelekea baharini. Nilitembea polepole, maana katika msongamano ule hapakuwa na mwendo mwingine.

Ndipo masikio yakaanza kuchagua. Kijana mmoja alikwangua barafu, akaishindilia kwenye kijiti na kuimiminia sharubati nyekundu, huku akinadi "baraf". Kando yake mtu alinadi chai, na wateja wakabishana juu ya "paisa". Mbele kidogo mwanamke alichoma mahindi kwa makaa, akayapaka ndimu iliyochovywa chumvi na pilipili, kama wafanyavyo wachomaji wa Mombasa na Dar es Salaam. Nilinunua moja huku nikitabasamu. Sisi tumeyaita mahindi, kana kwamba ni mali ya Wahindi. Wao huyaita "bhutta". Na asili ya zao lenyewe ni bara la Amerika. Kumbe neno laweza kusafiri na hati isiyo yake.

Niliketi kula kando ya mzee mmoja mwenye mkongojo. Aliniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi na nimefuata nini. Nikamweleza habari za mama. "Dawa atapata, beta," alisema, yaani mwanangu. Na neno "dawa" alilitamka vile vile kama nilitamkavyo mimi. Nilipomwambia kwamba huandika mashairi, uso ulimchangamka. "Shayari!" Akataka kujua mashairi yetu hufuata "bahr" ipi.

Hapo nilishtuka. Katika Kiurdu, "bahr" ni mizani ya shairi, na pia ni bahari. Nasi tusemapo bahari za ushairi, twatumia neno lilo hilo. Nilimhesabia mizani kwa vidole, 8 na 8, nikimwonyesha kina cha kati na cha mwisho. Naye alinigongea mchangani kwa mkongojo silabi ndefu na fupi za ghazal, akanieleza jinsi kila ubeti wa mistari miwili urejeavyo neno moja mwishoni. Neno la Kiarabu lilikuwa limepita njia mbili, likakutana tena hapo, mbele ya bahari yenyewe.

Wapo wenzetu, tena washairi hodari, wanaotaka Kiswahili kikung'utwe maneno ya kuja. Hofu yao naielewa, kwani lugha isiyojithamini humezwa. Lakini barafu ilikwisha kuwa yetu ilipopokea irabu ya mwisho. Rangi, gari na laki zimeingia katika ngeli zetu na kutii sarufi yetu. Tukiyafukuza maneno hayo, hatutakuwa tumerudisha chochote kilichoibwa. Tutakuwa tumejibomolea nyumba.

Mama yangu hajui Kihindi wala Kiingereza. Usiku ule, katika wodi ambamo hapakuwa na mwenye kuijua lugha yake, alibanwa na joto. Alimwita muuguzi, akasema neno moja: "Hewa." Muuguzi akafungua dirisha, kwani Kihindi nacho husema "hawa". Asubuhi mama alinisimulia jambo hilo kwa fahari, mara mbili, kama mtu aliyeshinda mashindano. Lile ni neno la kuja, na wasafishaji wangelifuta katika kamusi.

Alipasuliwa, akapona, tukarudi nyumbani. Tangu hapo nimekuwa na daftari la maneno yanayoitikiwa pwani zote mbili, na sasa yamefika 43. Ndugu washairi, mwenye neno la kuongeza na aniletee. Sitamuuliza limezaliwa wapi. Nitamwomba tu alitungie ubeti, tuone kama linakaa katika mizani.