Picha Mpya, Kabati la Zamani

Mwaka 2002 ulipokuwa ukielekea ukingoni, chama cha KANU kilikuwa kimekaa madarakani nchini Kenya tangu uhuru wa 1963, na Rais Moi tangu Agosti 1978. Sisi tuliozaliwa katikati ya miaka hiyo hatukuijua serikali nyingine. Kila kilichoharibika tulikipa jina moja: barabara ya mashimo ni KANU, zahanati isiyo na dawa ni KANU, polisi anayemnyooshea makanga mkono ni KANU. Na suluhisho nalo lilikuwa moja tu: jogoo, alama ya KANU, aondoke.

Mimi serikali nilikutana nayo kwenye kaunta. Mzee wangu alikuwa amenunua kipande cha shamba kwa jirani, bodi ya ardhi ikaidhinisha, ikabaki hati miliki. Nikawa namsindikiza katika ofisi moja ya serikali mjini kuifuatilia. Ukutani palikuwa na picha ya Moi. Chini yake kulikuwa na kabati la chuma la rangi ya kijivu, ambalo ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa karani.

"Mzee, faili halionekani. Rudi wiki ijayo."

Sote tuliokaa kwenye benchi tulijua kwamba faili halijapotea. Lilikuwa linangoja chai. Hakukuwa na daftari ambalo mwananchi angelifungua aone ombi lake limefika wapi, wala siku ambayo ofisi ilipaswa kuwa imemjibu. Ukitaka kulalamika, unamlalamikia mkubwa wa karani huyo huyo, na mkubwa naye ana mkubwa wake, hadi Ikulu. Mzee alikuwa akiniambia njiani, "Hawa watakwisha. Tungoje uchaguzi."

Uchaguzi ukaja. Mwezi Oktoba Raila Odinga alitangaza Uhuru Park kwamba Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea urais, upinzani uliogawanyika mwaka 1992 na 1997 ukaungana chini ya muungano wa NARC, na tarehe 27 Desemba Kibaki akapata takriban asilimia 62 ya kura. Siku tatu baadaye aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa na plasta kwa sababu ya ajali ya barabarani. Kijijini kwetu watu walikumbatiana mbele ya redio kama ndugu waliopoteana.

Miezi ya mwanzo ilikuwa na utamu wake, na siwezi kuukana. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia darasani. Ndani ya matatu abiria walimzomea polisi aliyeomba kitu kidogo, na dereva akapata nguvu ya kukataa. Katika ile ofisi picha ya Moi iliteremshwa, ikapandishwa ya Kibaki, na pembeni likabandikwa bango kwamba hapa hapana ufisadi. Faili la mzee lilionekana siku hiyo hiyo, bila hata shilingi kutoka. Lililobaki ni sahihi ya afisa fulani aliyekuwa "kwenye mkutano".

Mwaka uliofuata afisa alikuwa bado mkutanoni. Karani alikuwa yule yule, kabati lile lile, na ufunguo haujatoka mfukoni. Kisha tukaanza kusikia tena, "Rudi wiki ijayo," bango likiwa bado linaning'inia nyuma ya kichwa chake.

Wengi walisema tumesalitiwa. Mzee wangu alisema tumebadilishiwa walaji. Lakini tukiangalia kwa makini, hata walaji wenyewe hawakubadilika sana. Kibaki alikuwa makamu wa Moi kwa miaka 10. George Saitoti naye alikuwa makamu wa Moi. Raila alikuwa katibu mkuu wa KANU hadi miezi michache kabla ya uchaguzi, na Joseph Kamotho alikishika cheo hicho kabla yake. Hata hivyo, sura si hoja yangu kubwa. Hata kama wangekuja malaika watupu, wangekuta kiti ambacho mwenye kukikalia huteua majaji, wakuu wa mikoa na makamishna wa uchaguzi, na hugawa ardhi ya umma bila kumuuliza mtu.

Kashfa ya Anglo Leasing inaonyesha jambo hilo vizuri. Ilihusu mikataba ya mabilioni ya shilingi, ukiwemo wa kuchapisha pasipoti, iliyotolewa kwa kampuni ambazo hazikuwa na ofisi ya kueleweka. Baadhi ilitiwa sahihi enzi za Moi na mingine enzi za Kibaki. Njia ilikuwa moja: ukisema ni "usalama wa taifa", zabuni haitangazwi na maswali hayaulizwi. John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi mwaka 2003, alilazimika kujiuzulu akiwa London Februari 2005. Chama kilikuwa kimeng'olewa, lakini mlango wa nyuma ulibaki wazi, na waliokuja wakaupitia.

NARC ilikuwa imeahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Siku zikapita. Rasimu ya katiba iliyojadiliwa Bomas ilipotaka kumpunguzia rais mamlaka, mawaziri wakatoka nje ya mkutano Machi 2004. Mamlaka yale yale waliyoyalaani wakiwa upinzani yalikuwa sasa yao.

Kilichoniuma zaidi ni tume ya uchaguzi. Mwaka 1997 Moi alikubaliana na wapinzani wake kwamba vyama vipendekeze makamishna. Yalikuwa maelewano tu, hayakuandikwa kuwa sheria. Kabla ya uchaguzi wa 2007, Kibaki aliteua wengi wao peke yake. Matokeo yalipotangazwa, nusu ya nchi haikuyaamini. Watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na takriban 600,000 wakafukuzwa makwao.

Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyogusa kiti chenyewe. Majaji sasa huomba kazi na kuhojiwa hadharani, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Katiba hiyo haikuponya kila kitu, kwani baadhi ya kaunti 47 ilizounda zilirithi ulaji pamoja na bajeti. Hata kaunta zimebadilika kidogo. Nilipofuata cheti cha kuzaliwa cha binti yangu katika kituo cha serikali cha Huduma Centre, nilipewa karatasi ya namba, ada iliandikwa ukutani, nikalipa kwa simu na kupata risiti. Sijui karani wa hapo alipigia kura chama gani. Hakuwa na kabati la kulinda.

Tangu KANU tumepita NARC, PNU, Jubilee na UDA. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana chama wala kabila. Walikuwa wameusoma kifungu kwa kifungu, na rais akakataa kuutia sahihi. Mwezi uliofuata aliita watu wa ODM, chama cha Raila, kwenye baraza la mawaziri, na ghafla aliyekuwa upinzani jana akawa waziri leo. Baadhi ya wazee wenzangu walifurahi kwamba "na sisi tumeingia".

Wagombea wa 2027 wameanza kupita sokoni kwetu. Wa upinzani huanza na orodha ya makosa ya waliopo, na mara nyingi orodha yenyewe ni ya kweli. Mimi huwauliza swali moja: mkishinda, ni mamlaka gani mtakayoyaachia, na mtaliweka jambo hilo kwenye sheria gani? Wengi hurudi haraka kwenye ahadi ya barabara. Atakayejibu, hata akiwa wa chama nisichokipenda, nitamsikiliza hadi mwisho.