Dawa Kali, Lakini Usiiache



Mama yangu mdogo aliugua saratani ya titi. Watu wengine huuita ugonjwa huu kansa. Kwanza alipasuliwa. Kisha daktari akamwambia kuwa atatiwa dawa kwa dripu mara 6, kila baada ya wiki 3. Matibabu haya huitwa tibakemikali. Hapa Tanzania hutolewa katika hospitali kubwa, kama Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi.

Dawa hizi ni kali. Chembe za saratani huongezeka haraka kama magugu shambani. Dawa huua chembe zinazoongezeka haraka. Lakini mwilini mna chembe nzuri pia zinazoongezeka haraka. Nazo ni za nywele, za kinywa, za tumbo na za damu. Dawa haiwezi kuzichagua. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kutapika, kuchoka, kutoka vidonda mdomoni na kunyonyoka nywele.

Baada ya dripu ya pili mama mdogo alinyonyoka nywele zote. Majirani walisema, "Dawa inammaliza huyu." Yeye mwenyewe alitaka kuacha. Nesi alimwambia, "Mama, nywele zitaota tena. Kutapika kuna dawa yake. Lakini ukiacha katikati, saratani itapata nguvu." Mama mdogo akaendelea.

Msomaji, liko dhara lingine ambalo halionekani kwa macho. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Baada ya dripu, askari hao hupungua sana, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati huo, ugonjwa mdogo unaweza kumuua mtu kwa muda mfupi. Dalili yake kubwa ni homa.

Siku ya 10 baada ya dripu ya nne, mama mdogo alianza kutetemeka usiku. Yeye ni mwanakisomo. Alitia kipimajoto kwapani, akasoma mwenyewe: 38.6. Baba mdogo alisema, "Tungoje kukuche." Mama mdogo alifungua daftari lake, akamsomea aliyoyaandika hospitali: "Joto likifika 38, usingoje." Wakaondoka kwa pikipiki usiku ule ule. Hospitali ya wilaya ilimlaza na kumpiga sindano siku 5. Alipona homa ile, akamaliza dripu zote 6.

Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa anayetumia dawa hizi, shikeni mambo haya:

1. Wote mnawe mikono kwa sabuni. Mgonjwa anywe maji yaliyochemshwa na ale chakula kilichoiva vizuri. Mwenye mafua au kikohozi asimkaribie.

2. Mgonjwa asukutue kwa maji ya chumvi na atumie mswaki laini.

3. Kwa siku 2 baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na dawa. Anayevisafisha avae glavu. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

4. Mgonjwa asipate mimba wala asinyonyeshe wakati wa matibabu. Mgonjwa mwanamume naye asimpe mkewe mimba. Waulizeni wauguzi juu ya uzazi wa mpango.

5. Asinywe dawa za miti shamba bila kumwambia daktari. Nyingine hugombana na dawa za hospitali.

6. Joto likifika 38, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msimpe kwanza vidonge vya kushusha homa, maana vitaificha. Chukueni kadi yake, ili mganga ajue siku aliyotiwa dawa.

Saratani haiambukizi. Kuleni naye, kaeni naye, mpeni moyo. Na wewe uliyejifunza kusoma, msomee kadi yake na tarehe ya kurudi hospitali. Kisha andika namba 38 kwa herufi kubwa, uibandike ukutani karibu na kitanda chake.