Boti Moja, Manahodha Wawili

Kuna wanandoa wanaopimana kwa kujenga nyumba. Wengine hupimana kwa kulea mtoto wa kwanza. Mimi na mume wangu tulipimana kwa boti la kukodi, mbali kabisa na nyumbani, na kusema kweli kidogo tushindwe.

Ilikuwa hivi. Mwenzangu alikuwa anamalizia shahada ya uzamili Brisbane, Australia. Mimi nipo Dar na kazi yangu ya uhariri. Miaka miwili ya ndoa ya kwenye simu: kwangu saa moja asubuhi nagombania daladala, kwake saa nane mchana anatoka darasani. Mnaongea kila siku, lakini hamzungumzi. Kama umewahi kuwa mbali na mwenzi wako, unanielewa.

Siku moja akanipigia kwa furaha. "Mke wangu, nimeshalipia! Ukija Septemba tunakodi boti, mimi na wewe tu, hakuna nahodha. Tunazunguka kisiwa kizima!"

Nikamuuliza amelipia kwa pesa ipi. Kimya. Alikuwa amechota akiba yetu ya kiwanja cha Kigamboni, bila kuniuliza.

Sikulia wala sikugomba. Nilifanya kibaya zaidi: nikanyamaza, nikaanza kupanga ile safari kama mkaguzi wa hesabu anayemtafuta mwizi.

Kisiwa chenyewe kinaitwa K'gari. Kwa miaka mingi ramani zilikiandika Fraser Island, mpaka mwaka 2023 serikali ya Queensland iliporudisha rasmi jina walilokipa wenyeji wake, Wabutchulla. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichojengwa na mchanga. Urefu wake unapita kilomita 120, na kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1992. Ajabu ni kwamba juu ya mchanga huo umeota msitu mkubwa, na ndani yake kuna maziwa ya maji baridi, maangavu kama kioo.

Nikamwonyesha baba yangu ramani. Baba ni mtu wa Mafia, ameendesha jahazi miaka mingi kabla magoti hayajamkataza. Akavaa miwani, akauliza swali moja tu: "Huko upepo unatoka wapi?"

Nikatafuta. Kumbe huko nako upepo mkuu hutoka kusini mashariki, kama kusi yetu. Baba akacheka. "Mwambie mkwe wangu asiniulie mtoto. Upande wa mashariki ni bahari kuu, kama kwetu Mafia. Mpite ndani."

Alikuwa sahihi. Mashariki ya K'gari ni mawimbi matupu. Mwaka 1935 dhoruba iliitupa meli ya Maheno kwenye ufukwe huo, na mabaki yake yapo mpaka leo yanaliwa na kutu. Watu wa boti za kukodi hubaki magharibi, kwenye mlango wa bahari uitwao Great Sandy Strait, kati ya kisiwa na bara, kama kilomita 70 hivi. Kuzunguka kisiwa kizima haikuwa mipango, ilikuwa ndoto.

Mume wangu hakupenda. "Yaani baba'ko ndiye anayepanga fungate yetu ya pili?" Tukanuniana wiki nzima. Manahodha wengi, chombo huenda mrama; wahenga walituona mapema.

Mwishowe tukagawana kazi. Yeye usukani na injini. Mimi ramani, chakula na jedwali la maji kujaa na kupwa. Hilo jedwali ndilo roho ya safari. Kwenye mlango ule maji ya kujaa huingia kutoka ncha zote mbili, yakakutana katikati, na hapo katikati ndipo penye mafungu ya mchanga. Baba alinipa kanuni: "Penye mchanga pita maji yakijaa. Ukikwama, maji yenyewe yatakuinua. Ukikwama yakipwa, mwanangu, tafuta mto ulale."

Septemba ikafika. Asubuhi moja ya mafunzo Hervey Bay, tukakabidhiwa boti. Siku mbili za kwanza zilikuwa raha. Nyangumi wenye nundu walikuwa wamepumzika ghubani na watoto wao. Jioni tulitia nanga karibu na mikoko, kama Rufiji vile, na usubi wake pia.

Siku ya tatu tukakwama. Na kosa halikuwa la mume wangu. Lilikuwa langu.

Nilisoma saa za bandari ya Urangan nikadhani ni hizo hizo kote. Urangan maji yalikuwa yameanza kujaa, lakini kule katikati yalikuwa bado yanapwa. Boti likakwaruza, likatulia. Nikasubiri kelele. Nilistahili, maana miezi yote ile nilijifanya mjuzi.

Akazima injini, akawajulisha wenye boti kwa redio, akaja na vikombe viwili vya chai. "Basi tuongee," akasema. "Hatuna pa kwenda."

Tulikaa pale karibu saa tatu. Akaniambia alichota ile akiba kwa sababu aliogopa. Sauti yangu kwenye simu ilikuwa imekuwa kama ya mtu wa ofisini, akahisi ananipoteza, na kuniomba ruhusa ilikuwa kujipa nafasi ya kukataliwa. Na mimi nikatoa yangu: tangu siku ile nilikuwa nimeacha kuweka mshahara wangu kwenye akiba yetu. Nilifungua akaunti ya pembeni. Sikumwambia mtu, hata mama.

Tukatazamana. Wezi wawili kwenye boti moja.

Maji yakarudi taratibu, mpaka boti likanyanyuka lenyewe bila kusukumwa.

Kiwanja bado hatujanunua. Lakini akaunti sasa ni moja, na hakuna anayetoa senti bila saini ya mwenzake. Mazungumzo magumu tumeyapangia siku: Jumamosi asubuhi, tumeshalala, tumeshakula. Hatuyaanzishi usiku wa manane mmoja akiwa amechoka na mwingine ana hasira. Hayo ni maji yakipwa.

Nawe ukipanga safari ya namna hii, chagua mwezi kwanza, ujue upepo, tia nanga kabla giza halijaingia, fungia chakula unaposhuka kisiwani kwa sababu ya dingo, na soma saa za maji za mahali ulipo, si za bandarini.

Na kabla ya kulipia, muulize mwenzio.