Betri Mpya ya Kombi Kuukuu

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukaiacha Buzuruga na Nyakato nyuma yako, utaingia Igoma. Wengi huijua Igoma kwa makaburi ya ndugu zetu waliokufa maji katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996. Mama yangu ana mdogo wake pale, na tangu mwaka ule hakuthubutu tena kupanda meli. Jambo hilo nalitaja mapema kwa kuwa bila ya hofu ile ya mama, yumkini Kombi yetu ingekwisha kuuzwa zamani.

Kombi yenyewe ilitengenezwa mwaka 1974. Baba, aliyekuwa bwana shamba wa pamba, aliinunua mwaka 1986 kwa mtu na mkewe, wageni waliokuwa wameingia nchini kwa Sirari wakielekea kusini, nauli ikawaishia hapa. Ni gari la kulala safarini: kiti cha nyuma hukunjuliwa kikawa kitanda, pana kabati dogo, meza ya kukunja, na mapazia ambayo mama ameyabadilisha mara nne. Sisi watoto tulilala ndani yake ufukweni, tukisikiliza mawimbi, baba akiwa amejilaza nje juu ya mkeka kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kutosha watu sita. Baba alifariki mwaka 2019. Toka hapo Kombi ilikuwa ikiwashwa mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, na mwishowe ikawa kimya uani, kuku wakitaga chini yake.

Mwezi Machi, 2024 ikaja habari ya msiba Nansio, Ukerewe. Mama ana miaka sabini na mitatu, na miguu yake huvimba akikaa kitako muda mrefu. Meli hapandi, basi hawezi. Akasema, "Mwanangu, nitakwenda nikiwa nimelala ndani ya gari la baba yako." Nikachukua ufunguo, nikauzungusha. Stata ikatoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayegonga kucha mezani, kisha kimya.

Betri ya gari ya kawaida ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na ushei. Ikiwa nzima na imejaa, kipimo huonyesha kama volti 12.6. Yetu, baada ya kuchajiwa usiku kucha kwa jirani, ilionyesha 10.5. Asiyejua hudhani kwamba kilichopungua ni kidogo tu. La hasha! Kupungua kwa volti mbili namna hiyo maana yake chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, wala hapana chaji itakayokifufua.

Kaka yangu, mtu mwema na mwenye haraka, akaleta betri ya umeme wa jua kutoka nyumbani kwake. "Hii ni kubwa kuliko ile," akasema, na kweli ilikuwa kubwa. Taa za Kombi ziliwaka kama za harusi. Lakini stata ikagoma. Nataka msomaji uliye na sola nyumbani uliangalie jambo hili, kwa maana nimeliona likiwapotezea watu fedha. Betri ya sola ina bamba nene ndani yake. Imeumbwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kuvumilia kushuka chini kila usiku. Ya kuwashia gari ina bamba nyembamba nyingi, ili itoe ampea mia moja na zaidi kwa sekunde chache, kisha ipumzike. Ukiifanyisha moja kazi ya mwenzake, yote mawili huharibika, kazi na betri. Magari ya kulala safarini aghalabu huwa na zote mbili, moja ya injini na moja ya taa za ndani. Yetu ilikwisha poteza ya pili kabla sijazaliwa.

Basi tukanunua mpya. Muuzaji alituuliza jambo moja tu, gari gani, na tulipojibu Kombi alicheka. Akatupatia betri inayotumika katika magari madogo ya Kijapani, kwa kuwa ndizo zilizojaa dukani. Laiti nisingalikuwa na rula! Vichwa vyake vilikuwa vyembamba, ilhali vifungo vya Kombi ni vya vichwa vinene. Muuzaji akasema fundi atajaza nafasi kwa kipande cha bati. Naam, mafundi wengi hufanya hivyo, na kifungo kilichojazwa bati hulegea, hupata moto, kisha mwenye gari huilaumu betri. Isitoshe, upande wa chanya ulikuwa kushoto mahali ambapo kwetu huhitajika kulia, na waya wa chanya wa Kombi ni mfupi, hauna pa kujinyoosha. Tulizunguka maduka mawili zaidi hadi tukapata yenye vichwa vinene, chanya mahali pake, na kimo cha kupita katika mlango wa injini.

Fundi aliyekuja alikuwa kijana hodari wa magari ya siku hizi. Alizunguka mbele ya gari akitafuta boneti. Kombi haina boneti, injini yake iko nyuma. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu habari ya msiba. Betri hukaa upande wa kulia wa chumba hicho cha injini, gizani, mahali ambapo hakuna anayechungulia hadi siku ya shida.

Hapo tuliondoa waya wa hasi kwanza, ule uliofungwa kwenye bodi, ndipo wa chanya. Sababu yake ni nyepesi: bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bati, utaona cheche kubwa pembeni mwa bomba la petroli, na betri yenyewe hutoa hewa inayolipuka. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho. Fundi wetu alilijua hilo, nikamheshimu.

Betri ilipotoka, tuliona chini yake bamba la kukalia limeliwa na tindikali, limekuwa kama kaki. Unga mweupe wenye rangi ya kijani ulikuwa umetanda juu ya nyaya. Mama akaingia jikoni, akarudi na magadi yaliyoyeyushwa kwa maji ya vuguvugu, yale yale anayolainishia mboga, akamwambia kijana, "Mwaga hapo." Povu likafura, likachemka, kisha likatulia. Tindikali ilikuwa imekutana na mshindani wake. Fundi alitaka kuchomelea bamba jipya papo hapo, tukamkatalia kabisa: tangi la petroli la Kombi liko nyuma tu ya ukuta wa chumba kile. Alikwenda kukata bati gumu karakana, akalitoboa, akalifunga kwa nati. Kisha betri ikafungwa kwa mkanda wake wa chuma, isitikisike, maana mtikisiko huangusha unga wa zile bamba na kuiua betri kabla ya siku zake. Juu ya kichwa cha chanya tukaweka kifuniko cha mpira.

Ufunguo ukazungushwa. Ikawaka.

Safari ya Ukerewe sitaieleza sana. Tulipita Bunda, tukavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, mama akiwa kitandani amefumba macho na kushika pazia. Tulizika, tukalia, tukarudi na machungwa.

Nilidhani habari imekwisha. Ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ile betri ya zamani tuliiacha chini ya mwembe. Siku moja kabla ya safari alipita kijana anayenunua vyuma chakavu. Akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mayu," akaipima kwa mkono, akataja bei. Ilikuwa fedha ya kutosha mafuta ya kutoka Igoma hadi Magu. Nikapokea bila ya kuuliza swali hata moja. Mimi, ndugu msomaji, mwandishi wa habari mwenye stashahada na miaka thelathini na sita, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali.

Tuliporudi, nilipeleka machungwa kwa jirani, nyumba ya sita kutoka kwetu. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa uani akikokota gari lake kwa kamba. Gari lenyewe lilikuwa sanduku jeusi la plastiki, limekatwa juu. Ubavuni palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: tarehe, mwezi na mwaka. Baba alikuwa na desturi ya kuandika kwenye kila betri siku aliyoinunua. Ulikuwa mwandiko wake.

Kijana wa vyuma chakavu, kumbe, ni mdogo wake yule jirani. Alikuwa ameipasua nyuma ya jiko, akamwaga maji yake ya tindikali kwenye mfereji, akayeyusha risasi ya ndani na kuimimina katika vijishimo vya mchanga ili kupata vizito vya nyavu za wavuvi. Kazi ya halali machoni pake, na wateja anao. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto wa mkaa waiweza bila taabu, na sufuria ya kawaida ya alumini haidhuriki kwa moto huo. Ndiyo aliyoitumia. Nilipouliza sufuria iko wapi, jirani akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa mafigani. Ndani yake mlikuwa na uji.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Si sumu inayomwangusha mtu siku hiyo hiyo, na hilo ndilo linalotudanganya. Hukaa mwilini, katika damu na mifupa, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo unaojengeka. Akili hupungua, masomo humshinda, na mzazi hudhani mtoto ni mvivu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walitoa taarifa kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani ana risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu 5 au zaidi katika desilita. Betri kuukuu zinazoyeyushwa ovyo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa.

Wala si habari ya mbali. Pale Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa humo, na mwanawe mchanga akaugua. Vipimo vikaonyesha kwamba ni risasi. Aliacha kazi, akawaongoza majirani zake kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwezi Julai, 2020 mahakama ya Kenya iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watu walipokuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Hao wa Senegal nao walikuwa jirani na wavuvi.

Habari hizi nilizisoma zamani, kwa ajili ya kazi. Nilizijua siku niliyopokea zile fedha chini ya mwembe.

Wapo wanaokusanya taka hatarishi kwa kibali, betri zikiwemo. Na yule muuzaji wa tatu, aliyetuuzia betri iliyofaa, aliniambia baadaye kwamba angaliipokea ya zamani na kunipunguzia bei, laiti ningalikwenda nayo. Sikwenda nayo kwa kuwa ilikuwa nzito na ningaliuchafua mkoba.

Kwa jirani sikujua nianzie wapi. Nilimwomba amtoe mtoto kwenye lile sanduku, amwoshe mikono kwa sabuni kila kabla ya kula, na amfikishe hospitali amweleze daktari neno "risasi" kwa kinywa chake mwenyewe, maana daktari asipoambiwa hatakisia. Nilikwenda naye, nikalieleza mimi. Mdogo wake alinisikiliza huku akitazama chini. Akauliza, "Dada, sasa nifanye kazi gani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sinalo lililo zuri. Ameacha kuyeyusha pale uani. Kama ameacha kabisa, sijui.

Jirani yeye aliuliza jambo moja tu: je, sufuria ikisuguliwa kwa mchanga na sabuni, haitafaa? Nikamwambia haitafaa. Akaitazama. Anayo mbili tu, na hiyo ndiyo kubwa. Nikarudi nyumbani, nikamweleza mama, naye akamimina maharage yaliyokuwa jikoni katika bakuli, akaiosha sufuria yetu kubwa, akaniambia nimpelekee kabla giza halijaingia.

Ile nyingine nimeifunga ndani ya mifuko miwili ya naironi, pamoja na lile sanduku lenye mwandiko wa baba. Vimo ndani ya Kombi, chini ya kitanda, vikingoja nipate mkusanyaji mwenye kibali. Kila Jumapili naiwasha injini kwa dakika ishirini ili betri isishuke, na kila Jumapili mama huniuliza kama nimekwisha mpata.